Tupeane uzoefu: tulioanza kufufua vipuri vya magari tukiwa bado vijana wadogo, ni kazi gani ya kwanza iliyokurudia?

Mleta mada

Habari wakuu. Mimi na mwenzangu tulianza tukiwa na miaka 16, bado tunasoma. Meza moja ya mbao, jioni baada ya masomo. Tulichagua vitu viwili tu, stata (mota ya kuwashia injini) na altaneta (ya kuchaji betri), kwa sababu vinafunguliwa vikaletwa mezani na gari likabaki kwa fundi wake. Halafu mara nyingi kilichokufa ndani ni kidogo: kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) zimeisha, beringi inalia, bushi imelika.

Naomba tuzungumzie kazi zilizorudi, maana hizo ndizo zilizonifundisha.

Alikuja mzee mmoja na stata kaifunga kwenye kitambaa. Tukaifungua, kaboni zimebaki fupi kama ukucha. Tukaweka mpya, tukasugua komyuteta, ile shaba ya duara ambayo kaboni zinaigusa, kwa msasa laini mpaka shaba ikang'aa, tukaijaribu kwa betri, ikazunguka. Hela ya kwanza hiyo! Siku ya tatu mzee karudi. Kitambaa kilekile. Akaiweka mezani, hakusema kitu.

Tukaijaribu tena, inazunguka vizuri. Mimi nilikuwa tayari kumwambia kwamba stata ni nzima, tatizo si letu. Mwenzangu akaniwahi: "Mzee, tunaomba tulione gari." Stata ikafungwa mahali pake, alipowasha ikapiga "tak" moja ikanyamaza. Tukaweka mita ya volti, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye bloku ya injini, tukamwomba awashe tena. Hapo inatakiwa isome karibu na sifuri, ikizidi nusu volti ujue kuna shida. Yetu ilisoma volti mbili na ushee. Waya wa ethi, unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye injini, ulikuwa umeliwa na kutu ya kijani chini ya bolti, mahali ambapo hakuna aliyewahi kupaangalia. Tukausugua, tukaukaza, gari likawaka. Kaboni kweli zilikuwa zimeisha, ila ugonjwa mkubwa ulikuwa nje ya stata.

Sasa hatupokei kifaa bila kuuliza. Inagoma asubuhi au injini ikishapata moto? Taa za dashibodi zinafifia ukiwasha? Betri ina muda gani? Nani aliifungua mara ya mwisho? Majibu yote yanaingia kwenye daftari. Na stata kuzunguka mezani bila mzigo si ushahidi wa kutosha, inaweza kuzunguka vizuri pale halafu ikashindwa kusukuma injini.

Karibuni.

Mchangiaji wa 2

Asante mkuu. Mimi nilianza na taa za mbele, zile zilizopauka zikawa za njano. Nilikuwa na miaka 15, dada yangu ndiye aliyekuwa ananitafutia wateja. Msasa wa maji namba 800, kisha 1500, kisha 3000, halafu dawa ya kung'arishia. Taa inatoka kama kioo, mteja anapiga picha.

Baada ya miezi michache wakaanza kurudi mmoja mmoja, taa zimepauka kuliko mwanzo. Niliumia sana, maana nilizisugua kwa moyo wote. Kumbe taa hizo ni plastiki ya polikaboneti, na kiwandani hupakwa tabaka la kuzuia miale ya jua. Msasa wangu ulikuwa unaliondoa tabaka hilo na mimi sirudishi kitu. Niliwarudia wateja wote niliokuwa na namba zao, nikazifanya upya bure na kupaka kinga ya jua. Iliniuma mfukoni, lakini wengi wao ndio walioniletea wateja wengine.

Mchangiaji wa 3

Shikamooni wakubwa. Swali dogo: pesa ya spea mnatoa wapi kama hamna mtaji?

Mleta mada

Marahaba mdogo wangu. Kwanza tunafungua na kukagua, tunamwonyesha mteja kilichokufa, yeye analipia spea kabla hatujaanza. Ufundi analipa akichukua. Na spea ya zamani mrudishie aione kwa macho yake. Mambo ya mikataba na akaunti, mtu mzima asimame nawe. Mwenzangu alisimamiwa na mama yake.

Mchangiaji wa 4

Wanangu, mimi ni mzazi na ni fundi. Hongereni, ila breki msiziguse bila mtu mzima anayezijua. Kijana wangu alifungua kalipa, ile sehemu ya breki yenye pistoni inayobana pedi, akaisafisha vizuri sana, akabadilisha sili. Halafu akapaka pistoni grisi ya kawaida ili iteleze. Mpira wa sili za breki hauelewani na mafuta yatokanayo na petroliamu, na grisi ya kawaida ni ya aina hiyo, unavimba. Pistoni ikang'ang'ania, breki ikawa haiachii. Tulishukuru Mungu kwamba tulilijaribu gari sisi wenyewe kabla ya kumkabidhi mwenyewe: tulipolisimamisha, gurudumu moja lilikuwa la moto huwezi kulisogelea, lile la upande wa pili la kawaida. Kila kifaa kina kilainishi chake, someni kwanza.

Springi za shokomzoba na mifuko ya hewa ya usukani ni vilevile, muviache kabisa. Na vumbi la breki msilipulize kwa upepo, pedi nyingi za zamani zilikuwa na asbesto. Kitambaa kilicholowa maji kinatosha.

Mchangiaji wa 5

Namuunga mkono mzee. Yangu haikurudi, ila ilikaribia kunitoa kidole. Nilikwenda kufungua altaneta kwenye gari bila kuchomoa hasi ya betri, kwa kuwa injini ilikuwa imezimwa. Waya mnene wa altaneta una umeme wa betri muda wote. Spana ikagusa nati ya waya na bodi kwa pamoja, cheche ikaruka, spana ikabaki na kovu jeusi lililoyeyuka. Bahati nzuri siku hiyo sikuwa nimevaa pete, maana nayo ni chuma, ingepitisha umeme uleule kidoleni. Tangu hapo hasi inatoka kwanza, inarudi mwisho, hata kwa kazi ya dakika mbili.

Halafu kabla ya kukabidhi altaneta napima gari likiunguruma na taa zimewashwa. Kwa magari mengi nataka nione kati ya volti 13.8 na 14.5. Chini ya hapo siikabidhi.

Mleta mada

Mzee, hilo la grisi ya kalipa nimeliandika daftarini. Namba 5, pole sana, na pete yangu nimeivua sasa hivi.

Kuna aliyewahi kufanya kabureta, ile ya kuchanganya petroli na hewa? Tumeletewa moja leo, imeganda mafuta ya zamani ndani, na kabla hatujaigusa tungependa kusikia ya kwenu iliyorudi.