Mrejesho: kibebea baiskeli nyuma ya gari

Ndugu zangu, niliuliza kama kibebea baiskeli cha mikanda kinaweza kukaa nyuma ya Corolla yangu hapa Goma bila kuharibu rangi. Kinakaa. Asante sana kwa aliyesema nioshe buti la gari kwanza: vumbi letu la mawe ya volkano hukwangua kama msasa, hata chini ya sponji za kibebea. Kulabu nilizishikisha kwenye ukingo wa bati, si plastiki.

Shida ilikuwa ekzosi. Tairi la baiskeli lilikaa karibu nayo, likaanza kunuka kabla hatujafika mji wa Sake! Nimeigeuza baiskeli. Mikanda ililegea baada ya kilomita chache, nikaikaza upya. Namba ya gari bado inafichwa kidogo. Kesho nakipandisha juu zaidi.