Mada: Mgongo wa kuli wa Mwaloni umeharibiwa na mzigo, au na nyonga aliyozaliwa nayo?

Mleta mada: Wadau, wakubwa shikamooni. Hapa Mwaloni Kirumba, Mwanza, kuna mwenzetu, kuli wa miaka 38. Diski mbili za chini kiunoni, vile vitakia vya kati ya pingili, zimekauka, ganzi inamshuka mguu wa kushoto hadi kidole gumba. Kamwendea mwenye boti amchangie matibabu, kajibiwa kwamba mgongo unategemea nyonga uliyozaliwa nayo, eti kasoma kwenye simu. Ana hoja, au anatukimbia?

Fizio: Robo ya hoja anayo. Kwenye eksirei ya upande tunapima pembe kati ya sakramu, yaani mfupa ambao uti wa mgongo unaukalia, na vichwa vya mifupa ya mapaja. Kwa wengi ni kama nyuzi 50, ila kuna wa 35 na wa 80. Ukishakomaa haibadiliki, usimame wima au ujipinde. Mwenye pembe ndogo kiuno hunyooka, mzigo unashukia diski moja kwa moja. Tafiti kadhaa zimeona hivyo, si zote. Mwenye pembe kubwa kiuno kinabonyea sana, huyo mwogopee pingili kuteleza mbele. Tatizo ni kwamba diski ikikauka nayo inapungua kimo, kiuno kinanyooka, mtu analaza nyonga nyuma asiinamie mbele. Sasa ukimkuta leo na kiuno bapa, kipi kilianza?

Kuli Mstaafu: Mwanangu, hizo nyuzi waachie mafundi seremala. Nimepakia boti za Ukerewe miaka 22. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Kijana anatwishwa miwili mabegani, anapita kwenye ubao wa shubiri moja, wimbi likigusa boti ubao unacheza, na kinachokaza asitumbukie ni kiuno. Rudia hivyo hadi jua lizame. Mimi mgongo mzima, niliyeanza naye anatembelea fimbo.

Muuguzi: Shikamoo mzee, hapo umemtetea mwenye boti bila kujua! Mzigo uleule, migongo miwili. Ufini waliwalinganisha mapacha, mmoja wa kazi nzito na mwenzake wa kazi nyepesi, wakaona urithi una uzito kuliko kazi katika kuchakaa kwa diski. Na uchambuzi wa 2015 wa picha za hospitali za migongo ya watu wasioumwa kabisa ulikuta uchakavu wa diski kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na 96 ya wenye 80. Picha peke yake haimtetei huyo kijana. Ganzi ndiyo ya kumpeleka hospitali, na akianza kushindwa kuzuia mkojo asisubiri kuche.

Kuli Mstaafu: Marahaba. Basi tupimwe nyonga kabla ya kupewa kazi?

Fizio: Hapana mzee, hakuna pembe ya kumnyima mtu riziki. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu 1967 kwamba mwanaume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Mfuko mmoja unaingia humo. Wa pili hauingii, na huo hakuzaliwa nao.

Mleta mada: Nimemsomea mwenye boti. Kasema akiukataza mfuko wa pili, wa kwanza kulalamika ni makuli, maana wanalipwa kwa mfuko. Na hapo, wadau, hajadanganya.