Kibarua cha kuanika dagaa kinamjenga kijana?

Swali: Wadau, kijana amemaliza kidato cha nne, anaanika dagaa kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Kazi hii itamfungua macho au itamzoesha ujira wa siku tu?

Jibu: Inategemea anaangalia nini. Awe na daftari: ndoo ngapi zimenunuliwa, kwa bei gani, zimetoa kilo ngapi kavu. Mvua ikiwakuta dagaa mchangani, wanalowa, wanashika mchanga, wanaanza kunuka, bei inaporomoka. Kwenye chanja, yaani meza ya wavu iliyoinuliwa, hewa inapita juu na chini. Akishaiona hasara hiyo, ataanza kutamani usindikaji.

Jibu: Kweli kabisa. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawafuati taa za wavuvi, wanavuliwa wachache na vibarua hupungua. Siku hizo aulizie kozi za uvuvi FETA, chuo cha serikali cha uvuvi, kampasi ya Nyegezi, Mwanza. Na ada aitenge kila jioni, kabla hela haijaguswa.