Mjadala: Kikomo cha mafuta Formula 1 kimeua mbio?

Kona ya Mwisho: Wakuu, 2014 walileta kikomo: kilo 100 za mafuta kwa mbio nzima, na injini isivute zaidi ya kilo 100 kwa saa. Tangu hapo dereva anaachia mafuta mapema kabla ya kona ili afike mwisho. Hizo ni mbio au ni bodaboda anayesikilizia tenki? Kifutwe. Nani ananipinga?

Mzee wa Gereji: Mimi. Kwa sababu ya kikomo hicho, Mercedes 2017 waliweka injini yao ya V6 (silinda sita) ya lita 1.6 kwenye mashine ya kupimia, ikageuza zaidi ya nusu ya nishati ya mafuta kuwa nguvu. Gari lako la petroli zaidi ya nusu linapoteza kama joto. Anayelilia mlio wa V10, zile injini za zamani za silinda kumi, akanunue Subaru atoe sailensa.

EJ20 Mbeya: Subaru imeingiaje hapa? Nina Forester, sailensa nzima, saa kumi alfajiri natoka getini hata mbwa habweki. Mnatuchafua kwa sababu ya vijana wachache.

Shangazi Tabo: Tuache Subaru. Mzee, hiyo akili ya kubana mafuta ilimfaidi nani? Mercedes peke yake, ubingwa wa timu miaka minane mfululizo, 2014 hadi 2021. Na kilo 100 yenyewe haikudumu: 2017 ikawa 105, 2019 ikawa 110. Kanuni ya kubana inayozidi kulegezwa!

Mzee wa Gereji: Mwenzako kasoma mapema akafaulu, unalaumu mtihani? Na magari yalipanuliwa hiyo 2017, matairi pia, lazima yale zaidi.

EJ20 Mbeya: Mzee hujanijibu.

Mpiga Bendera: Tatizo langu ni sensa, kile kifaa kinachopima kasi ya mafuta kuingia kwenye injini. Melbourne, Australia, 2014 Ricciardo wa Red Bull kamaliza wa pili, nyumbani kwao, mashabiki wanalia kwa furaha. Baada ya saa kadhaa kafutwa: injini imevuta mafuta kupita kiwango cha kwa saa. Red Bull wakasema sensa haiaminiki, wakakata rufaa, wakashindwa. Halafu hao hao FIA, wasimamizi wa mbio, wakaichunguza injini ya Ferrari ya 2019 na kumalizana nao kimya kimya, makubaliano siri. Timu saba zililalamika hadharani. Huyu kafutwa siku ileile, yule kapewa faragha.

Tifosi wa Tanga: Ferrari hawakukutwa na hatia. Soma tena.

Mpiga Bendera: Nimesoma. FIA walisema hawajaridhika kikamilifu ila ni vigumu kuthibitisha. Huko ndiko kusafishwa?

Tifosi wa Tanga: Chuki tu. Mngeshinda nyie mngenyamaza.

Vumbi la Naivasha: Huku kwetu tumeyaona. Safari Rally 2022 magari yalikuja na mota ya umeme juu ya injini ya mafuta, Toyota wakafagia nafasi nne za kwanza. 2025 WRC, mashindano ya dunia ya rally, wakatoa umeme wenyewe, gari likapungua uzito. Kwenye vumbi la Kedong, kipande kimoja cha njia ya Safari, betri haikuwa ikimsaidia mtu.

Shangazi Tabo: Asante! F1 wao wanaenda kinyume. Kanuni za 2026 umeme ni karibu nusu ya nguvu, kilowati 350 kutoka 120, na mafuta yanabanwa kwa nishati, si kilo tena.

Mzee wa Gereji: Ndiyo maana Audi wamekuja. Rudisha V10 uone nani atabaki kulipa bili.

Kona ya Mwisho: Mzee, mimi nimelipa king'amuzi nione watu wakikanyaga mafuta. Bili ya Audi hainihusu.

Vumbi la Naivasha: EJ20, hiyo Forester ni ya tabo? Mbeya hadi Dar inakunywa lita ngapi?

EJ20 Mbeya: Inategemea mguu.

Mzee wa Gereji: Taja lita, kijana.

EJ20 Mbeya: Nilisema hapa mada ni F1.