Laki nne na nusu ya "tyuni kamili" ya CB750, nimerudishiwa jeti zilizotobolewa kwa drili

Wakuu, uzi ni mrefu na nina hasira. Asiyependa pikipiki za zamani apite tu, asije kuniambia "ungenunua Boxer".

Kuna gereji Arusha, jina naliacha na msinifuate PM kuniuliza, imejijengea sifa ya kushughulikia pikipiki kubwa za kizamani. Nikawapelekea Honda CB750 ya 1975 niliyoinunua kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Ilishafanyiwa mambo: boksi la hewa limeng'olewa, kila kabureta (kifaa kinachochanganya hewa na mafuta) imevishwa kifilta chake cha koni, na mabomba manne ya moshi yamekusanywa yakatokea bomba moja. Inapendeza, sikatai. Ila ukishaiachia injini ivute hewa kirahisi na kutoa moshi kirahisi, kipimo cha mafuta cha kiwandani hakiitoshi tena. Kazi niliyowapa ilikuwa hiyo tu, kuzioanisha kabureta na huo mfumo mpya. Wakasema laki nne na nusu, tyuni kamili, hela mbele. Wakapewa.

Kwa wasioijua, CB750 ilitoka 1969, silinda nne, cc 736, na kila silinda ina kabureta yake ya Keihin. Kabureta nne maana yake jeti kuu nne (jeti ni kipande chenye kijitundu kinachopima mafuta), jeti ndogo nne, sindano nne, floti nne (vielea vinavyofunga mafuta bakuli likijaa), na zote zinatakiwa zifanye kazi kama moja. Fundi aliyezoea kabureta moja ya bodaboda, anayezungusha skrubu huku anasikiliza mlio mpaka aridhike, hapa sikio lake halimfikishi mbali.

Siku ya kuichukua ilinguruma vizuri. Silensa, yaani mzunguko wa injini bila kuivuta, niliiona iko juu, mshale unacheza kwenye 2,000 wakati pikipiki hii inatakiwa kutulia karibu na 1,000. Nikauliza. Nikajibiwa, "Kaka, hizi za zamani ndivyo zilivyo, ukiishusha inazima." Haya.

Nikashuka nayo kuja Dar. Mpaka Moshi hakuna shida. Kuanzia Same, joto linapanda na barabara imenyooka, ikaanza kusita nikiivuta kulipita basi. Ukirudisha mkono wa mafuta kidogo inashika kasi, ukifungua wote inakuwa kama imekatiwa mafuta. Kabla ya Korogwe nikaanza kusikia injini inagonga, ule mlio wa kokoto ndani ya kopo ambao mwenye pikipiki hataki kuusikia. Nikatoka pale mwendo wa bibi harusi mpaka nyumbani.

Nikazitoa plagi nikazipanga mezani. Injini moja, plagi nne, rangi tatu. Ya 1 na ya 4 nyeusi, masizi makavu yanayoshika kidole. Ya 2 ina kahawia inayoeleweka. Ya 3 nyeupe pee, na ukiitazama kwa kioo cha kukuzia, kwenye kauri yake kuna vitone vidogo vinavyometa kama fedha. Wanaojua wameshashika kichwa. Vile vitone ni alumini. Alumini ya pistoni yangu. Pistoni ilishaanza kuyeyuka.

Nikafungua mabakuli ya kabureta. Jeti kuu zote zimegongwa 105. Nikaziinua kwenye mwanga, na hapo ndipo damu ilipochemka: tatu zimetobolewa kwa drili ya mkono. Tundu la jeti linatakiwa kuwa duara safi, kuta zake laini, kwa sababu namba ile inahusu tundu lenye kipimo cha sehemu za mia za milimita. Hizi zina mikwaruzo ndani mithili ya pipa lililotobolewa na msumari, na hakuna mbili zinazolingana. Jeti ya namba 3 haikuguswa kabisa. Sijui drili ilimvunjikia fundi au simu ililia, akarudi akafunga bakuli.

Halafu floti. Kipimo cha floti kwenye kabureta hizi ni milimita 26. Ya 3 nilipopima nikakuta 30. Kabureta ikiwa imegeuzwa, namba kubwa maana yake floti inafunga mafuta mapema, kwa hiyo kwenye bakuli mafuta yanakaa chini na injini inapewa machache kila hatua. Sasa jumlisha: jeti ndogo kuliko wenzake, mafuta yako chini bakulini, kifilta kinaingiza hewa bwelele. Silinda hiyo ilikuwa inakaangwa.

Na kuna jambo la mwinuko, ambalo fundi wa Arusha ndiye hasa alitakiwa alijue. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, hewa ya kule ni nyepesi kwa kama asilimia 13 kuliko ya huku pwani. Kabureta haipimi uzito wa hewa. Ukishuka, hewa inakuwa nzito zaidi na kabureta haiongezi mafuta ya kutosha kuilingana. Pikipiki iliyotyuniwa juu ikashushwa chini inakosa mafuta, ya chini ikipandishwa juu inayazidisha. Peke yake hilo lisingeniumiza sana, labda kusitasita tu. Lakini niliwaambia waziwazi kwamba pikipiki itakaa Dar! Walitakiwa waniwekee jeti za huku, au angalau waniambie, "ukifika panda namba mbili za jeti." Neno moja tu, halina gharama.

Skrubu za silensa sasa. Hapa ndipo nilicheka kwa uchungu. Kwenye kabureta za CB750 mpaka za 1976, skrubu ile ni ya HEWA. Ukiifunga unaongeza utajiri wa mafuta, ukiifungua unapunguza. Kabureta za 1977 na 1978 ni aina nyingine, zile za PD, skrubu yake ni ya mafuta, inafanya kinyume. Nikampigia fundi kumuuliza aliziweka wapi. Akaniambia kwa fahari kwamba alizifungua zote raundi tatu "ili ile mafuta ya kutosha". Kiwandani ni kama raundi moja! Mtu amefungua hewa akidhani anafungua mafuta, injini ikawa inataka kuzima, akaipandishia silensa mpaka 2,000 kuficha. Hiyo ndiyo "za zamani ndivyo zilivyo".

Wakuu, kazi hii ina mpangilio wake na siyo siri. Kabla hujagusa kabureta unapima tapeti, yaani nafasi ya vali, injini ikiwa ya baridi kabisa: milimita 0.05 upande wa kuingiza, 0.08 upande wa kutoa. Halafu pointi (swichi za kuwashia cheche) na muda wa kuchoma, maana CB750 ina seti mbili, moja ya 1 na 4, nyingine ya 2 na 3, na seti moja ikichelewa utahangaika na kabureta mpaka kiama. Halafu mipira ya kuungia kabureta na kichwa cha injini, kama ina nyufa inaiba hewa. Ndipo unakuja kwenye kabureta, na unajua unashughulikia nini kwa kuangalia mkono uko wapi: mwanzo wa mkono ni jeti ndogo na skrubu, katikati ni sindano, mwisho kabisa ndiyo jeti kuu. Mimi inasita nikifungua wote. Hiyo ni jeti kuu na mafuta bakulini, mtoto wa gereji angejua. Mwisho unaunganisha geji nne za vakyumu, za kupima mvuto wa hewa wa kila silinda, na kusawazisha slaidi (milango ya hewa ya kabureta) zote zivute sawa. Nilipouliza kuhusu geji, aliniambia hizo ni "mambo ya Wazungu", yeye anatumia sikio.

Sikio! Injini ya silinda nne kila moja inavuta kivyake, na yeye anasikia vakyumu.

Simu ya mwisho ndiyo iliyonifanya niandike. Nilimwambia kuhusu drili. Hakukana. Alisema jeti kubwa "hazipatikani Tanzania" kwa hiyo alizitengeneza. Mkuu, jeti za Keihin zinaagizwa, zinakaa kwenye bahasha ndogo, ndugu yeyote anayetoka Uingereza au Dubai anazibeba mfukoni. Ungeniambia hazipo ningezitafuta mwenyewe. Halafu akamalizia: "Kaka, wewe ni mtu wa maneno, pikipiki ni zee, uzee hauna dawa." Akakata.

Kuna watakaokuja kusema niweke kabureta za Kichina au niiuze. Ahsanteni, hapana. Kuna watakaosema nirudishe boksi la hewa la kiwandani, na hao nawaelewa kabisa, tabu nusu ingeisha, kama yupo mwenye boksi zima la 1975 lisilopasuka aseme bei.

Ninachodai kwa gereji ile, na najua mmoja wao yumo humu anasoma: laki nne na nusu yangu, pamoja na bei ya jeti tatu mlizoharibu. Pistoni tutaiongelea nikishaiona, na kuiona si kazi ndogo, kichwa cha CB750 hakitoki mpaka injini nzima ishuke kwenye fremu. Mkikaa kimya mpaka mwisho wa mwezi picha zote zinapanda hapa, za plagi na za matundu, na ule ujumbe wa WhatsApp wa "tyuni kamili".

Wadau wa Dar: floti nimesharudisha 26 zote, skrubu raundi moja, jeti za 115 na 120 zinakuja na shemeji. Natafuta geji nne za vakyumu za kuazima au kukodi kwa siku moja, niko Tabata. Na kama kuna aliyewahi kuiendesha CB750 yenye vifilta vya koni na bomba moja huku huku pwani, sindano uliiweka ngazi ya ngapi?