Mrejesho: ule mnara wa taa wa Lionel uliogoma kuzunguka

Wakuu habari zenu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kuhusu mnara namba 394 wa Lionel, kampuni ya treni za kuchezea, ule uliotengenezwa 1949 hadi 1953, niliokota kwenye gulio huku Ohio, taa inawaka ila kichwa hakizunguki na mimi nimeshaufungua chini natafuta mota. Mkuu uliyesema humo hakuna mota ulinipiga bao, kinachozungusha ni joto la balbu tu, mtambo wa kuzungusha kwa kutikisika ulikuja kwenye mnara uliofuata, namba 494. Kumbe mwenye nao wa mwanzo alishaweka LED, haina joto, ingezungusha nini sasa! Nimeagiza balbu yenye kishimo juu ambapo sindano ya kichwa inakaa, nikasafisha ncha, nikasubiri weee, kama dakika mbili hivi, kikaanza mdogo mdogo, taa nyekundu na kijani zinapita ukutani mpaka mtoto kaita mama yake.

Ile ya kupaka mafuta msijaribu, tone moja tu likaungua likawa gundi. Na feni ikiwashwa kinasimama, hilo bado limenishinda, halafu lenzi ya kijani ina ufa. Asanteni sana jamani.