Ushauri: wiki moja msitu wa Sinharaja (Sri Lanka), kutazama ndege bila haraka

KetiKitako:
Wakuu, salaam. Nimepanga wiki moja Sinharaja, kusini-magharibi mwa Sri Lanka, kuanzia mwisho wa Mei. Sitafuti orodha ndefu ya ndege. Nataka kukaa msituni kimya, simu imezimwa, nile wanachokula wenyeji, na niwajue ndege wachache vizuri. Ninayo darubini ndogo ya 10x25. Maswali: darubini hii itatosha? Nifikie upande upi wa msitu? Ruba, wale wanyonya damu, ni wengi kama wanavyosema? Na mwongozaji ni lazima? Ningependa kuwa peke yangu.

Pepo_Mbili:
Mkuu, anza na tarehe. Mwisho wa Mei ndio kusi imeshika huko. Ni mfumo uleule wa pepo tunaoujua pwani yetu, ila ukifika kusini-magharibi mwa Sri Lanka umebeba maji ya bahari nzima na unayamwaga kwenye vilima vya kwanza unavyokutana navyo. Sinharaja iko hapohapo. Mvua ikipiga kutwa, ndege hukaa kimya, huwezi kusikia kitu kwa matone ya majani, na ruba huwa wengi maradufu.

Hamishia Februari au Machi. Asubuhi nyingi ni kavu, mvua huja alasiri, na ndege wengi wanaimba. Faida nyingine: ndege aitwaye pita wa India, ambaye huhamia huko kuanzia Oktoba hivi na kurudi kaskazini karibu na Aprili, atakuwa bado yupo. Huyu hutembea chini kwenye majani makavu na hulia zaidi saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Mchana unaweza kumpita hatua tatu usimwone.

Lenzi_Kavu:
Darubini: 10x25 haifai kwa msitu ule. Gawanya 25 (upana wa lenzi ya mbele kwa milimita) kwa 10 (mara inazokuza), unapata 2.5; huo ndio upana kwa milimita wa mwanga unaofika jichoni. Kwa 8x42 unapata 5.25. Chini ya miti mikubwa, mboni ya jicho imefunguka kupokea mwanga na darubini yako inaipa tone tu. Utaona kivuli cha ndege, rangi hakuna. Pia 10x hutikisika mkononi na uwanja wake wa kuona ni mwembamba, kwa hiyo ndege akiruka tawi moja umempoteza. Azima au nunua 8x42 iliyozibwa maji isiingie. Kama bajeti inabana, 8x32 itakusogeza.

Irekebishe kabla ya safari, wengi hawafanyi hivi. Funika lenzi ya kulia kwa kiganja, tazama jani kwa jicho la kushoto, zungusha gurudumu la kati mpaka mishipa ya jani iwe wazi. Kisha funika ya kushoto, usiguse tena gurudumu la kati, na uzungushe pete ya jicho la kulia mpaka jani lilelile liwe wazi. Weka alama ya kalamu kwenye pete, maana huteleza ndani ya begi.

Adui mkubwa ni unyevu. Usilale chumba chenye kiyoyozi: ukitoka alfajiri na lenzi baridi, mvuke wa hewa ya joto unakuwa matone juu yake na saa nzuri kuliko zote inapotea unafuta ukungu. Usiku weka darubini kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakiti vya silika, chembe zinazofyonza unyevu. Kuvu huanza kuota kwenye vioo pale unyevu unapokaa juu siku nyingi, na akishaingia ndani humtoi kwa kitambaa.

Mramba_Mkia:
Fikia Kudawa, upande wa kaskazini-magharibi. Njia kuu ya pale ni barabara ya zamani ya wakata magogo, waliochonga miti kwa ajili ya mbao za plaiwudi miaka ya 1970 mpaka ukataji ukasimamishwa 1977. Baadaye, 1988, msitu ukaingia Urithi wa Dunia wa UNESCO. Kwa mtazama ndege, barabara hiyo ni zawadi: ni pana, unaona vilele vya miti bila kuvunja shingo. Pitadeniya, upande wa Deniyaya, ni pazuri kwa mito, lakini njia ni nyembamba na miti imekubana.

Kitu cha kukijua Sinharaja ni makundi mchanganyiko, ndege wa aina nyingi wanaosafiri pamoja. Unaweza kutembea nusu saa bila ndege hata mmoja, halafu ghafla miti yote inatikisika. Kiini cha kundi ni ndege wa kahawia wenye mdomo wa rangi ya chungwa, wanaokwenda kwa pamoja wakipayuka bila kukoma. Sikiliza kelele zao kwanza. Pembeni atakuwepo mramba, ndege mweusi mwenye kishungi. Yeye hula wadudu wanaotimuliwa na wenzake, na kwa malipo hupiga yowe mwewe akitokea. Ni mwigaji hodari wa sauti za wengine, kwa hiyo usiandike ndege kwenye daftari kwa sauti pekee.

Kosa la wageni ni kulifukuza kundi. Simama. Angalia linaelekea wapi, tangulia hatua chache kwenye barabara, subiri likupitie. Anza kutazama chini, kwenye vichaka, kisha katikati, ambako ndege aitwaye trogoni hupenda kukaa wima bila kujitikisa. Mwisho vileleni, ambako ndege aitwaye malkoha mwenye uso mwekundu hupenya majani kama panya. Mkazie ndege macho kwanza, ndipo uinue darubini bila kushusha macho. Na kundi likishapita, usiondoke. Wanaochelewa nyuma mara nyingi ndio uliowataka.

Bundi_Mpole:
Mwongozaji ni lazima, unapewa pale langoni unapokata tiketi. Usimwone kero. Wamezoea wageni wanaodai ndege ishirini kabla ya chakula cha mchana, kwa hiyo mwambie jioni iliyotangulia: sehemu mbili tu, muda mrefu, bila kutembea sana. Mlipe siku nzima hata mkikaa pale pale. Yeye akae hatua kumi nyuma yako.

Ukikaa, chagua ukingo wa njia karibu na kijito au mti wenye matunda, mgongo kwenye shina, nguo za kijani au kahawia. Robo saa ya kwanza usitarajie kitu, ndege wanakujua umefika. Kaa walau saa moja. Andika kwa penseli, wino huyeyuka: saa, urefu kutoka ardhini, anakula nini, nani anamfuata.

Jambo moja siwezi kulinyamazia: usicheze sauti za ndege kwenye simu, hasa kwa kibundi wa Serendib, aliyeonekana na wataalamu 2001 na kuelezwa kisayansi 2004. Dume akisikia mgeni anaacha kuwinda aje kutetea eneo lake. Wageni kumi kwa wiki, kila mmoja na simu yake, hesabu mwenyewe.

Lenzi_Kavu:
Kwa dakika moja tu, mara moja, sioni madhara. Ila kwa kibundi nakubaliana nawe.

Soksi_Mbili:
Ruba ni wengi, ndiyo, na hawaambukizi malaria wala chochote cha kukutisha. Vaa soksi maalumu za kitambaa kilichofumwa kwa kubana, juu ya suruali, zifungwe chini ya goti. Soksi za kawaida wanapenya. Akishang'ata, usimchome kwa kiberiti wala kummwagia chumvi: anaweza kutapika ndani ya kidonda. Pitisha ukucha chini ya ncha nyembamba, ndiyo yenye mdomo, kisha ncha nene. Damu itatiririka muda mrefu kwa sababu ya kemikali ya kuzuia damu kuganda anayoiacha. Osha kwa sabuni, bana kwa kitambaa.

Dawa ya wadudu yenye DEET huyeyusha plastiki na mpira. Paka miguuni kwa kitambaa, nawa viganja kabla ya kushika darubini.

KetiKitako:
Nimehamisha kwenda Machi, asanteni. Chakula: nikibeba wali na mchuzi kutoka nyumba ya wageni, naruhusiwa kula ndani? Na maganda ya matunda nikiyaacha si yataoza tu?

Mramba_Mkia:
Muulize mwongozaji mahali pa kulia. Maganda rudi nayo, hata ya ndizi. Mabaki huwavuta tumbili na kunguru, na wote wawili hula mayai na makinda. Miongoni mwa kunguru wa Sri Lanka wamo walewale wanaotusumbua Dar na Zanzibar. Huko kwao angalau yupo koeli, jamaa ya kekeo, anayetaga mayai kwenye viota vyao. Beba wali kwenye kopo lenye mfuniko. Usiku kopo hilo litakuwa tupu kwa darubini na silika zako.